Gogo na Chumba cha Wasichana

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahauliwa na wengi. Tangu alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, siku ile aliposukumwa na timu nzima ya wapinzani asisogee hata shubiri, watu walimwita Gogo, na Gogo likabaki. Hata mkewe akiwa na hasira alimwita Gogo. Hasira zikiisha alimwita baba watoto, ingawa mtoto alikuwa mmoja tu.

Kazi yake ilikuwa uashi. Mchezo wake ulikuwa raga, na katika klabu ya mtaani kwao alicheza miaka kumi na mmoja, mstari wa mbele wa skramu. Kwa asiyeujua mchezo huo, skramu ni pale wachezaji wanane wa upande huu wanapoinama, wakashikana mabega na kusukumana na wanane wa upande ule, vichwa kwa vichwa, kama mafahali. Wa katikati mstari wa mbele hana mkono wa kujikinga, maana mikono yake yote miwili imewakumbatia wenzake wa kulia na kushoto. Hao wawili ndio wanaombeba. Wakimwachia, uzito wote unaishia shingoni mwake.

Wa katikati alikuwa rafiki yake. Alikuwa mfupi na mnene, ndiyo maana wakamwita Kizibo. Kushoto kwake alikaa mwenzao mmoja mpole aitwaye Kobe, na kulia alikaa Gogo. Siku moja skramu ilianguka vibaya. Gogo alisikia bega lake la kulia likilia kama ubao unaovunjwa, lakini hakuachia mpaka refa alipopuliza filimbi na watu wote wakaondoka juu yao. Kizibo alitoka mzima. Gogo alilazwa hospitali, na tangu siku hiyo hakuweza tena kuinua ndoo ya zege juu ya kichwa kwa mkono ule. Kizibo alikaa kando ya kitanda, akajigusa shingo na kusema, "Hii ni mali yako, ndugu yangu. Mimi nimeazima tu."

Walipostaafu kucheza, kila mtu alishika njia yake. Gogo alirudi kwenye mwiko na timazi. Kizibo, aliyekuwa na mdomo mtamu kuliko miguu, akawa wakala wa bima, akavaa tai, na baada ya miaka akachaguliwa mwenyekiti wa klabu. Lakini undugu haukukatika. Alimwita mke wa Gogo shemeji, alijua sufuria ipi ina wali na ipi ina mchuzi, na binti wa Gogo alikua akimwita baba mdogo.

Binti huyo naye alicheza raga. Wenzake walimwita Sisimizi, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na aliwabeba waliomzidi mara mbili. Klabu ilikuwa na timu ya wasichana kwa mwaka wa nne sasa, wasichana ishirini na watatu, lakini jengo lilikuwa lilelile la zamani: vyumba viwili chini ya bati lenye kutu, kimoja cha wanaume kubadilishia nguo, kingine stoo. Wasichana walibadilisha nguo nyuma ya tangi la maji, wawili wakishika shuka na wengine wakivaa kwa zamu, haraka haraka. Upepo ukivuma, shuka linaruka. Vijana wa mtaani waliligundua hilo, wakawa wanakaa juu ya ukuta wa uwanja kila Jumamosi na kupiga miluzi.

Gogo alipoyaona hayo kwa mara ya kwanza hakufoka. Alikwenda akasimama kati ya ukuta na tangi, akawapa wasichana mgongo, akawakodolea macho wale wa ukutani mpaka wakashuka mmoja mmoja. Tangu siku hiyo kila Jumamosi alisimama pale kama mlango.

Jumapili moja mchana Kizibo alikuja na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Alikula kwanza, ndipo akaifungua. Kulikuwa na mfuko wa michezo uliokuwa ukitoa fedha kwa klabu zitakazojenga sehemu za wasichana. Mfuko ungetoa vifaa, klabu itoe nguvukazi, na kabla ya kuamua wangetuma watu waje waone wenyewe.

"Nguvukazi ni wewe," Kizibo alisema. "Na wakija wageni, atakayezungumza ni wewe."

"Mimi nitasema nini? Wewe ndiye mwenye maneno."

"Mimi nikizungumza wataona tai. Wewe watakuona wewe."

Wageni walikuja wawili, mwanamke mwenye daftari na mwanamume mwenye kamera. Gogo alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakamkimbia. Akawapeleka nyuma ya tangi, akawaonyesha shuka linaloning'inia kwenye misumari, akasema, "Mimi ni fundi. Nimewahi kujenga banda la kuku lenye mlango na komeo. Binti yangu anavulia nguo hapa." Basi. Mwanamke wa daftari alimtazama kidogo, kisha akaandika. Miezi miwili baadaye, barua ya kukubaliwa ilipofika, sentensi hiyo ilikuwemo ndani, neno kwa neno. Kizibo aliisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote, na watu wakampigia Gogo makofi mpaka akatoka nje kwa haya.

Ujenzi ulichukua miezi kumi. Mkandarasi mmoja alimtaka awe msimamizi wa mafundi kwenye ghorofa tatu, kazi ya mwaka mzima na malipo ya maana. Gogo akakataa, akabaki na vibarua vya siku za katikati ya juma ili mwisho wa juma awe uwanjani. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji na alijua bei ya kila kitu, hakulifumbia jambo hilo macho.

"Jiko langu lina miaka sita halina lipu," alisema, "na wewe unampigia mtu lipu bure."

"Si mtu. Ni mtoto wako."

"Mtoto wangu anakula jikoni humohumo."

Hata hivyo yeye ndiye aliyeshona mapazia ya mabafu, sita, ya kitambaa kizito kisichoonyesha kitu, na hakudai hata uzi.

Gogo alikijenga kile chumba ubavuni mwa stoo, kama anajenga nyumba yake ya kuingia na bibi harusi. Sakafu aliimwaga kwa mteremko mdogo ili maji yasituame. Madirisha aliyaweka juu, mtu wa nje hata akipanda ndoo hachungulii. Mabenchi ya saruji aliyafunika kwa vigae, kisha akamwita binti yake ayakalie na kupima kimo. Komeo la ndani alilinunua kwa fedha yake, zito, la chuma, la kufunga hata ghala.

Yapo mambo mawili ambayo Kizibo aliyataka, na Gogo aliyafanya bila kuuliza sana. La kwanza lilikuwa dirisha pana ukuta wa mbele, la kimo cha kiuno, lenye kizingiti kipana. "La kupitishia maji ya kunywa mechi ikiisha," Kizibo alisema, "tutaliwekea mlango wa bati, usiwe na wasiwasi." La pili lilikuwa soketi tatu za umeme mkubwa, zimepangana ukutani. Gogo aliuliza za nini. "Wasichana wana nywele, bwana," Kizibo akasema, "wewe umezaa binti hujui hata mashine za kukaushia?" Wakacheka wote wawili. Gogo akaacha nafasi za soketi, akaendelea na lipu.

Siku chumba kilipokamilika Kizibo alikuja na karatasi ya mfuko. Gogo alikuwa anaosha mwiko. Karatasi ilisema kuwa fundi mkuu wa ujenzi anathibitisha chumba cha wasichana kimekamilika na kimekabidhiwa. Ilikuwa kweli, kila neno. Akaifuta mikono kwenye suruali, akaweka karatasi juu ya toroli, akatia saini.

Wasichana walikitumia chumba chao Jumamosi mbili. Ya kwanza waliimba ndani ya mabafu mpaka kocha akagonga mlango kwa kukosa uvumilivu. Gogo alikaa nje kwenye nyasi, hana kazi ya kusimama kati ya tangi na ukuta, akahisi ametua mzigo.

Jumamosi ya tatu alichelewa kidogo. Aliwakuta wasichana wote nje na mabegi yao. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Walikuwa wameambiwa wangoje, kuna marekebisho madogo. Gogo alizunguka nyuma, akaingia kwa mlango wa nyuma wa kupitia stoo, na ndani ya chumba akamkuta fundi umeme, mtu mzima mwenzake waliyefanya naye kazi nyingi. Alikuwa anaunganisha friji ya milango ya vioo. Mbili zaidi zilisimama bado zimevikwa maboksi yake. Vitundikio vya nguo vilikuwa vimeng'olewa, vimetupwa ndani ya ndoo. Mabafu yalikuwa yamezibwa kwa mbao kutoka sakafuni hadi darini, na mapazia ya mkewe yalikuwa yamekunjwa kwenye kona, yamewekewa nyundo juu.

"Hizi zimekuja kufanya nini?" Gogo aliuliza.

Fundi umeme alishusha bisibisi. "Nilidhani unajua."

"Nijue nini?"

Yule bwana akamwonyesha mchoro. Ulikuwa na chumba kilekile, vipimo vilevile, lakini juu yake iliandikwa baa na ukumbi wa wageni. Mahali pa soketi iliandikwa friji. Mahali pa dirisha pana iliandikwa kaunta. Gogo akatafuta mabafu, hakuyaona.

"Umepewa lini?"

"Mwaka jana. Ulikuwa hujachimba hata msingi."

Gogo aliukunja mchoro vizuri kama alivyoupokea, akaurudisha. Alitoka kwa mlango uleule wa nyuma. Binti yake alimwita, hakuitika, na akatembea hadi ofisi ya bima katikati ya mji bila kukumbuka baadaye alipita njia gani.

Kizibo alikuwa na mteja. Alipoona uso wa Gogo, akamwomba mteja arudi baadaye, akafunga mlango mwenyewe.

"Umeshaona," alisema.

"Nimeona."

"Kaa, ndugu yangu. Nisikilize kabla hujakasirika. Klabu ilikuwa inakufa. Umeme unakatwa kila mwezi, nauli za mechi za ugenini natoa mfukoni mwangu. Msambazaji wa vinywaji akaja, akasema nipeni chumba chenye maji na umeme pale uwanjani, nitawalipa kila mwezi miaka mitano. Chumba sina. Fedha ya kujenga baa hakuna mfuko unaotoa. Ya kujenga chumba cha wasichana ipo. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungejenga?"

"Nisingejenga."

"Basi." Kizibo alifungua viganja vyake viwili juu ya meza, kama mtu aliyekwisha kumaliza hesabu. "Na wasichana hatujawatupa. Zamu itapangwa. Asubuhi baa haijafunguliwa, wanaweza kuvalia mlemle."

"Kati ya friji."

"Gogo, usiwe mgumu."

Gogo alimtazama shingoni, pale kola ya shati ilipokuwa imembana. Alitaka kusema jambo kuhusu ile shingo, akaona ni aibu kumdai mtu kitu ulichompa kwa moyo wako. Akainuka akaondoka.

Nyumbani alimkuta Sisimizi amekaa kizingitini, viatu vya mechi bado miguuni. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Baba," alisema bila kumtazama, "wasichana wanasema ulijua."

"Nani anasema?"

"Wote. Mama wa nahodha anasema wewe na baba mdogo ni chanda na pete, hakuna analofanya huyu yule asilijue. Wanasema kaunta umeijenga wewe. Soketi umeziacha wewe. Saini ni yako." Akamgeukia. "Ulijua?"

Katika yote yaliyompata mwaka ule, hakuna lililomwingia Gogo kama swali lile. Aliona haya kukanusha, maana mkono wake ulikuwa kweli katika kila tofali.

Mkewe ndiye aliyejibu, kutoka ndani, cherehani ikiendelea kulia. "Baba yako angekuwa mwizi, jiko langu lingekuwa na lipu."

Sisimizi akaanza kulia. Gogo akakaa kando yake, akamfungua kamba za viatu, kimoja kisha kingine, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni.

Alijipa moyo kwamba wanachama hawatakubali. Aliomba mkutano uitwe, na ukaitwa. Wengi waliokuja ni watu aliocheza nao, watu waliokwisha kutapika kwenye ndoo moja na kuazimana soksi. Gogo alisimama akaeleza kwa ufupi: fedha iliombwa kwa jina la wasichana, yeye alisema maneno kwa ajili ya wasichana, kwa hiyo chumba ni cha wasichana. Akakaa. Kizibo alisimama akazungumza juu ya taa mpya za uwanjani, basi la kukodi kwa mechi za ugenini, na jinsi ambavyo wazee wa klabu wangepata mahali pa kukaa kwa heshima wakitazama mpira huku wameshika kinywaji baridi. Watu wakacheka kwa furaha. Kisha akaomba wanaokubaliana na baa wanyooshe mikono.

Mikono ilipanda kama majani baada ya mvua. Gogo aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta asiyenyoosha. Akamwona Kobe, mwenzao wa mstari wa mbele, yule wa upande wa kushoto. Kobe alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkono wake ulikaa gotini muda mrefu, halafu ukapanda taratibu, bila macho kupanda nao.

Wasiokubaliana walikuwa wanne. Wasichana walisimama nyuma ya ukumbi, lakini kwa katiba ya klabu wachezaji walio chini ya umri wa uanachama kamili hawana kura. Walitoka, hawakusubiri mkutano ufungwe.

Gogo na binti yake walikwenda kwenye ofisi ya ule mfuko. Mwanamke wa daftari aliwakumbuka, akawakaribisha viti, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa faili. Ndani mlikuwa na picha za chumba, mabafu yanameta, vitundikio mahali pake, na chini kabisa ile karatasi.

"Mzee, hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Na siku ulipotia saini, chumba kilikuwa tayari?"

"Kilikuwa tayari."

Mama yule aliweka kalamu chini, akaonekana kuumia. Alisema ataandika barua kuuliza, na kwa kweli aliandika, hakuwa mtu wa kudanganya. Jibu la klabu lilirudi limepigwa muhuri: chumba ni cha matumizi mbalimbali, wasichana wanakitumia kwa utaratibu uliopangwa. Faili likafungwa. Mla nawe hafi nawe, mkewe alisema aliposikia, akaendelea kushona.

Timu ya wasichana iliondoka klabuni kabla msimu haujaanza. Walikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, wakaomba uwanja wake. Mwalimu mkuu hakuijua raga, akauliza kama watoto wanaweza kuumia, akajibiwa ndiyo, akacheka na kuwapa uwanja pamoja na ufunguo wa darasa moja la kuvalia nguo. Hakuna bafu. Wanaoga makwao. Gogo aliwatengenezea milingoti ya goli kwa mabomba chakavu, na wasichana wote walikuja kumsaidia kuchimba mashimo, yule nahodha akiwa wa kwanza kushika sururu. Mama yake nahodha hakuwahi kuomba radhi, lakini siku hiyo alileta maji ya kunywa, akampa Gogo kikombe cha kwanza.

Mwaka na nusu ulipita, Kizibo akaja nyumbani. Hakuingia moja kwa moja kama zamani. Alibisha hodi, na mke wa Gogo akamkaribisha kiti cha sebuleni, mahali pa wageni. Sufuria hazikutajwa.

Klabu ilitaka kujenga jukwaa la watazamaji. Safari hii kazi ingelipwa.

"Hakuna anayekujua wewe kama mimi," Kizibo alisema. "Nataka msingi uwe wako."

Gogo aliuliza urefu, upana, aina ya udongo. Akafikiri kidogo, akataja bei yake, na akasema nusu itangulie kabla hajagusa sepeto, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi.

Kizibo alimtazama kama aliyechapwa kofi. "Mimi? Mkataba na mashahidi?"

"Ndivyo ninavyofanya na wateja."

"Bado una hasira."

"Hasira zimeisha. Ningekuwa nazo ningekukatalia."

Kizibo alizungusha kofia yake mikononi. Alionekana amezeeka. Kwa muda Gogo alidhani atasema neno, na lau angelisema, huenda mambo yangekuwa mengine, maana miaka kumi na mmoja ya kubebana mabegani si kitu cha kufutwa kwa mpira wa penseli. Lakini Kizibo alisema tu kwamba bei ni kubwa, ataipeleka kwenye kamati. Akaaga. Jukwaa lilijengwa na mafundi wengine.

Wanakutana mara moja moja njiani, na wanasalimiana. Kobe pia humsalimia, na huwa wa kwanza kuaga. Sisimizi sasa amemaliza shule, anawafundisha wasichana wadogo raga kwenye uwanja ule wa shule, na hamwiti tena mtu yeyote baba mdogo.

Jumamosi iliyopita mzazi mgeni alikaa kando ya Gogo kwenye nyasi, binti yake akiwa ndiyo kwanza ameanza kucheza. Akamuuliza kama naye aliwahi kucheza, na wapi. Gogo akaitaja klabu.

"Pale penye baa nzuri?" mgeni aliuliza. "Umewahi kuingia?"

"Nilicheza pale zamani," Gogo alisema, akageuka kuutazama mpira.